Kumlaza mbwa chali si kumfundisha

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya hivi karibuni kuhusu ufugaji wa mbwa wa ulinzi iliwapa wasomaji masharti matatu: mwenye mbwa ale kwanza huku mbwa akimtazama, amnyang'anye mbwa chakula mara kwa mara akiwa katikati ya kula, ili ajue bwana ni nani, na mbwa akinguruma, alazwe chali na kubanwa shingo mpaka alegee. Barua zilizofuata ziligawanyika. Wapo waliosema ndivyo walivyolea mbwa miaka yote na nyumba haijaibiwa. Wapo waliosema mbwa apewe mapenzi tu, atajirekebisha mwenyewe. Naomba nafasi niwajibu wote, kwa kuwa njia ya kwanza inaumiza watu na ya pili haifundishi kitu.

Nianze na hilo la ubwana. Wazo kwamba mbwa anawania uongozi wa nyumba halikutoka kwa mbwa wa nyumbani. Lilitoka kwa mbwa mwitu wa nchi za baridi. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel alichapisha uchunguzi wa mbwa mwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Walikuwa wanyama waliokusanywa tu na hawakuwa na pa kukimbilia. Wakapigana, na aliyeshinda akaonekana mtawala. Mmarekani L. David Mech alilichukua wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1970, nacho kikasomwa sana. Baadaye Mech alikaa misimu mingi ya kiangazi na mbwa mwitu walio huru katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia: baba, mama, na watoto wao wa mwaka huo na wa miaka iliyotangulia. Mzazi haongozi kwa kumshinda mwanawe vitani. Mech aliwasihi wachapishaji waache kukitoa kitabu kile, na hatimaye mwaka 2022 kikaacha kuchapwa. Mtindo wa kumlaza mbwa chali nao ulienezwa na kitabu cha mwaka 1978 cha watawa wa New Skete, jimbo la New York, wafugaji wa German Shepherd. Katika toleo la 2002 watawa hao waliukana. Ushauri mliotuchapia sisi, wenyewe walishautema.

Sisemi kwamba mbwa hawashindanii vitu. Mbwa wawili wa nyumba moja, mmoja anaweza kumpisha mwenzake kila panapotokea mfupa, kisha huyo huyo akawa mshindi penye mahali pa kulala. Huo ni uhusiano wa wawili juu ya kitu fulani. Si tabia ambayo mbwa huzaliwa nayo, wala si mpango wa kumpindua mwenye nyumba. Mbwa anayevuta kamba anataka kufika mbele. Anayeparamia wageni anataka kuufikia uso auguse. Anayenguruma juu ya bakuli anaogopa kunyang'anywa. Hakuna anayegombea cheo hapo.

Wanaoutetea ubabe hawasemi uongo wanaposema unafanya kazi. Mbwa akibanwa chini hutulia kweli. Swali ni utulivu gani. Mnyama aliyebanwa shingo na kiumbe kinachomzidi uzito huganda kwa hofu: mwili unakakamaa, masikio yanalala nyuma, weupe wa macho unaonekana, mkia unafyata. Mwenye mbwa anaona utii. Mwaka 2009 Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya wenye mbwa 140 waliokuja kutafuta msaada wa tabia. Kati ya waliowahi kumpiga mbwa kwa mkono au kwa teke, asilimia 43 walijibiwa kwa ukali. Waliomnyang'anya kitu mdomoni kwa nguvu, 39. Waliomlaza chali, 31. Waliomkazia macho mpaka aangalie pembeni, 30. Hao walikuwa mbwa wenye matatizo tayari, kwa hiyo hesabu hizo haziwahusu mbwa wote. Lakini mbwa wa namna hiyo ndiye hasa mwenye nyumba hushawishika kumbana.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni lile la kumwadhibu mbwa kwa sababu amenguruma. Mbwa haumi ghafla kama watu wanavyodhani. Kwanza hugeuza kichwa, hulamba midomo pasipo chakula, hupiga miayo pasipo usingizi. Akipuuzwa hukakamaa na kufunga mdomo. Kisha hunguruma, kisha huuma hewa, na mwisho hung'ata. Mngurumo ni onyo. Ukiuadhibu, hofu inabaki pale pale na onyo linaondoka. Unabaki na mbwa anayetoka kwenye ukimya moja kwa moja hadi kwenye nyama ya mtu. Tena anayelipa si yule mwanamume aliyembana, maana huyo mbwa anamwogopa. Anayelipa ni mtoto wa miaka minne anayepita karibu na bakuli, au dada wa kazi anayekwenda kuliosha. Na kwetu jeraha la mbwa si jambo la kubandika plasta. Kichaa cha mbwa bado kipo Tanzania na Kenya, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Kidonda kioshwe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, majeruhi aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuanza chanjo, na mbwa akikamatika asiuawe, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Mbwa naye achanjwe akifika umri wa miezi 3, kisha kila mwaka.

Fimbo ina masharti ambayo mfugaji wa kawaida hawezi kuyatimiza. Ili adhabu ifundishe, lazima ifike ndani ya sekunde moja au mbili baada ya kosa. Lazima ifike kila kosa linapotendeka. Na lazima iwe kali tangu mara ya kwanza, maana ukianza na kofi jepesi ukawa unaongeza kidogo kidogo, mbwa anazoea, nawe unajikuta umeshika rungu. Ukikosa sharti moja tu, unapata mbwa anayekuhofu wewe, huku kosa lenyewe akiliendeleza usipokuwapo. Halafu mbwa huunganisha maumivu na kitu kisichohusika. Anayevutwa kwa kola ya miiba au kupigwa shoti na kola ya umeme kila anapobwekea wanafunzi wanaopita getini, mara nyingi hajifunzi kwamba kubweka ni kosa. Anajifunza kwamba watoto wenye sare huleta maumivu. Wales ilipiga marufuku kola za umeme mwaka 2010. Na yule anayerudi jioni, akakuta kiatu kimetafunwa, akamchapa mbwa kwa hoja kwamba "anajua kosa lake, tazama anavyoinama"? Mwaka 2009 Alexandra Horowitz wa New York alionyesha kwamba sura hiyo ya hatia huletwa na kukaripiwa, mbwa awe amekula kilichokatazwa au hajakigusa. Anausoma uso wako.

Uchunguzi wa Ana Catarina Vieira de Castro na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, ulihusu mbwa 92 wa shule za mafunzo za Porto, Ureno. Mbwa wa shule zilizotumia mvuto wa kamba, kelele na maumivu walionyesha dalili nyingi zaidi za wasiwasi wakati wa somo, na mate yao baada ya somo yalikuwa na ongezeko kubwa zaidi la kotisoli, homoni ya msongo. Mwaka 2021 chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitamka kwamba njia ya tuzo, yaani kumlipa mbwa anapofanya vizuri, itumike kwa mbwa wote, wakiwemo wakali.

Sasa niwageukie wale wa mapenzi tu. Mbwa asiyefundishwa hujifundisha. Akiparamia mgeni na mgeni akacheka, amelipwa. Akimbwekea mpita njia, mpita njia akaenda zake, kwa mbwa huo ni ushindi na kesho atazidisha. Kufundisha kwa tuzo ni kuamua wewe kipi kinalipwa na kipi hakilipwi, na kupanga mazingira ili kisichotakiwa kisipate nafasi ya kujilipa chenyewe: kamba wakati wa wageni, geti linalofungika, viatu ndani ya nyumba. Tabia isiyolipwa hufifia, ila kabla ya kufifia huzidi kwa siku kadhaa. Mbwa aliyezoea kupewa mkate mezani kwa kulialia, siku utakapoacha kumpa, atalia zaidi ya jana. Ukikubali siku hiyo, umemfundisha kulia kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye fimbo.

Anayedhani hii ni habari ya Ulaya na mbwa wanaolala kwenye kochi aende Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Msingi wa kazi yote ni mlio mfupi wa kidude cha kubonyeza na kionjo cha chakula, ndizi ikiwemo. Panya huwezi kumbana akanusa, ukimtisha anajificha. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la Uingereza linalotibu wanyama, mwaka 2020. Mbwa wanaofundishwa Usa River, Arusha, kunusa pembe za ndovu, nao malipo yao ni mchezo wa mpira. Hizo ni kazi ambazo mnyama akikosea mtu anaweza kufa au shehena ikapita, na hakuna anayezikabidhi kwa mnyama aliyevunjwa moyo.

Vifaa vya nyumbani ni vichache. Kwa tuzo, tumia dagaa wa Ziwa Victoria wasio na chumvi, wameoshwa mchanga na kukaushwa tena, au pafu la ng'ombe lililochemshwa bila chumvi wala kitunguu na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Robo kilo hutoa vipande zaidi ya 200. Jumla ya tuzo isizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku, na ugali wa jioni upunguzwe kwa kiasi hicho. Chokoleti, zabibu, vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa visiguse mdomo wa mbwa. Chagua na alama: neno moja fupi kama "Sawa!", au mlio wa ulimi. Alama humwambia mbwa kwamba alichofanya sasa hivi ndicho kinacholipwa. Siku ya kwanza sema "Sawa!" na kutoa kipande ndani ya sekunde moja, mara 10, bila kudai chochote. Rudia mara mbili tatu siku hiyo. Akisikia neno na kugeuka kukitafuta kipande, ameelewa.

Kumfundisha kukaa: shika kipande puani pake, kipandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa. Pua ikienda juu, makalio yanashuka. Yakigusa ardhi tu, "Sawa!", mpe. Akiruka, umeshika juu mno. Akirudi kinyumenyume, fanyia karibu na ukuta. Baada ya mara nne au tano, fanya ishara ile ile kwa mkono mtupu na utoe tuzo kutoka mfukoni. Hatua hii ndiyo watu huiruka, halafu wanalalamika kwamba mbwa hatii mpaka aone nyama. Chakula kinachoonyeshwa kabla ya tendo ni rushwa. Kinachokuja baada yake ni mshahara. Neno "Kaa" liingie pale tu anapofaulu mara 8 kati ya 10, na lisemwe mara moja, si "kaa kaa kaa". Somo liwe la dakika 3 hadi 5, mara mbili au tatu kwa siku, kabla ya kula. Ongeza ugumu wa aina moja kwa wakati mmoja: muda, au umbali, au vishawishi. Akishindwa mara mbili mfululizo, rudi hatua moja nyuma. Tabia ikishika, lipa bila mpangilio: mara kipande, mara sifa, mara kufunguliwa geti. Na nyumba nzima itumie neno moja. Baba akisema "kaa", mlinzi "sit" na watoto "keti", mbwa anaonekana mjinga bure.

Katika nyumba nyingi za Pwani na Visiwani mate ya mbwa ni najisi, na mbwa wa ulinzi hufugwa bila kushikwashikwa. Njia ya tuzo inafaa sana hapo. Alama ni sauti, na kipande hutupwa chini mbele ya mbwa. Mtu anaweza kumfundisha mbwa kukaa, kuja, kusubiri na kurudi bandani bila kumgusa hata mara moja. Kumbana chini hakuwezekani bila kuchafuana naye.

Kuhusu mbwa anayelinda bakuli, ambalo makala yenu ililishughulikia kwa kumnyang'anya, kazi hii ifanywe na mtu mzima, watoto wakiwa ndani. Mbwa akiwa anakula, pita kwa umbali ambao hakakamai, tuseme hatua 5. Tupa kipande cha ini karibu na bakuli, endelea na safari yako. Usisimame kumtazama. Fanya hivyo mara 3 hadi 5 kila mlo. Siku utakapopita naye akainua kichwa kwa kutarajia, mkia umelegea, punguza nusu hatua. Ukiona amekakamaa au anakula kwa haraka zaidi, umesogea upesi, rudi ulipokuwa. Huenda ikachukua wiki kadhaa. Mwishoni mbwa anajua kwamba mtu anayekaribia bakuli huongeza, hapunguzi. Ukimnyang'anya kila siku unamthibitishia hofu yake, na utakuwa umempa sababu halisi ya kung'ata.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wezi: kwamba mbwa aliyefundishwa kwa chakula atakula nyama yenye sumu itakayorushwa juu ya ukuta. Hofu hiyo ni ya kweli, mbwa wengi wameuawa hivyo. Lakini mbwa aliyepigwa naye hula nyama ya mwizi, kwa sababu mwizi hajampiga. Kinachosaidia ni kumfundisha "Acha". Fumba kipande mkononi, mwache anuse na kulamba. Akiondoa pua tu, "Sawa!", na mpe kipande kingine kutoka mkono wa pili, kamwe si kile alichokiacha. Kisha fungua kiganja. Kisha weka kipande chini, mguu tayari kukifunika. Kisha dondosha. Kisha mtu mwingine adondoshe. Kisha mtu asiyemfahamu arushe nyama kutoka nje ya ukuta, mbwa akiwa kwenye kamba ndefu ili asiifikie akikosea. Malipo ya kuiacha nyama yawe makubwa kuliko nyama yenyewe. Hatimaye afundishwe kula kutoka bakuli lake tu, mahali pamoja, baada ya neno. Hata hivyo hakuna mafunzo yanayomhakikishia mtu kwamba mbwa aliye peke yake saa nane za usiku hatakula. Alishwe ashibe jioni, na alale mbali na ukuta wa barabarani, karibu na nyumba, mahali ambapo kubweka kwake kutamwamsha mtu.

Kuhusu ukali wa ulinzi wenyewe, kubweka mgeni akikaribia ni asili ya mbwa wengi, hakuhitaji kipigo. Kumfunga mnyororo mchana kutwa, kumlisha pilipili au bangi, kumchokoza kwa fimbo kupitia wavu, hakumfanyi mlinzi. Kunamfanya asiyeweza kutofautisha mwizi na jirani. Mbwa wa ulinzi mwenye faida ni yule anayebweka, kisha akanyamaza ukimwambia "Basi", na akaenda bandani ukimwita mgeni aingie. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na ukatili kwa mnyama ni kosa hata kama mnyama huyo ni wako.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni kwamba makala kama ile ipitiwe kwanza na daktari wa mifugo kabla ya kuchapwa, na kwamba mtoe sahihisho kuhusu kumlaza mbwa chali na kumnyang'anya chakula. Kuna watu wameikata na kuibandika ukutani.

Kwa msomaji ambaye mbwa wake ameshang'ata mtu, usianze na mafunzo yoyote, yangu wala ya makala ile. Anza na daktari wa mifugo, maana sikio lenye usaha, jino bovu au nyonga inayouma humfanya mbwa mpole awe mkali. Wakati unangoja, mtenge na watoto na mfanye avae kifunga mdomo cha umbo la kikapu, kile kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, si kile cha kitambaa kinachobana taya. Usimvalishe kwa nguvu. Weka vipande vya pafu ndani yake, umwache aingize pua mwenyewe, mara 10 kwa siku, na usifunge mkanda mpaka siku atakapoingiza pua bila kuitwa na kuiacha humo.

Mkufunzi wa mbwa wa ulinzi,
Arusha